Ravel mzima ni wa nani? Wapiga-piano watatu baada ya vita ya 40-45

Wasomi wenzetu, leo tuzungumze juu ya kazi moja ambayo, ukiisikia mara ya kwanza, unaweza kufikiri ni jambo la starehe tu: kurekodi muziki wote wa piano wa mtunzi mmoja, tangu kipande cha kwanza mpaka cha mwisho, bila kuruka. Wafaransa wanaitaka kazi hiyo "intégrale", tuseme mkusanyo mzima. Mtunzi wetu ni Maurice Ravel, Mfaransa aliyezaliwa Ciboure, karibu na mpaka wa Hispania, tarehe 7 Machi 1875, na aliyefariki Paris tarehe 28 Desemba 1937. Wengi wetu tunamjuaka juu ya Boléro, ile ngoma inayozunguka na kupanda bila kuchoka. Lakini wapiga-piano wanamjua kwa kitu kingine: vipande vichache vya piano, vigumu kama jiwe.

Muziki wake wote wa piano ya mtu mmoja haujazi hata masaa mawili na nusu. Ni kidogo sana. Mtu anaweza kuusikiliza wote mu mangaribi moja, akala na chakula cha usiku kwa wakati wake. Hata hivyo, kati ya 1951 na 1955, wanaume watatu waliurekodi mzima, kila mmoja kwa upande wake. Wa kwanza alikuwa Mfaransa ambaye vita ilimkuta akakimbilia Marekani. Wa pili alikuwa Mjerumani aliyeendelea kucheza chini ya utawala wa Hitler. Wa tatu alikuwa Myahudi aliyekimbia ili asikamatwe.

Karatasi ya muziki ilikuwa ile ile. Noti zile zile. Swali letu ni hili: kati ya hao watatu, ni nani wa kusadiki akituambia "huyu njo Ravel"? Wale waliosoma historia ku universite wanajua kwamba shahidi hapokelewi juu ya sauti yake nzuri. Unamuuliza: ulikuwa wapi? Ulijuaje? Nani alikutuma? Hebu tuwaulize hawa watatu vilevile.

1. Kwa nini haikufanyika mbele?

Ravel alikufa 1937, na disiki zilikuwapo tangu zamani. Kwa nini basi mkusanyo mzima ulingojea mpaka 1951?

Jibu la kwanza ni la chombo. Disiki ya zamani, ile ya kuzunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba dakika nne ao tano tu kila upande. Fikiri: masaa mawili na zaidi ya muziki, ukikata kila dakika nne, ni rundo la disiki nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo. Na muziki wenyewe unakatwa mahali pabaya. Kipande kama Le Gibet, ambacho kinadumu karibu dakika sita ao saba na kinaishi kwa ukimya wake, ilibidi kisimamishwe katikati ili msikilizaji ainuke, ageuze disiki, arudi kukaa. Ni kama mtu anahubiri kwenye matanga na kila mara mlango unagongwa.

Jibu la pili ni la pesa. Kampuni ilijua kwamba watu watanunua vipande vinavyopendwa na kuacha vingine. Nani alipe kazi ya kurekodi vile visivyojulikana? Mu miaka 1932 mpaka 1935, Artur Schnabel alirekodi London sonata zote 32 za Beethoven, lakini ili hilo liwezekane kampuni ilitumia njia ya chama: wapenzi wa muziki walijiandikisha na kukubali kununua kabla disiki hazijatoka. Njia hiyo ilisukumwa na kijana mmoja Mwingereza jina lake Walter Legge. Mshike huyo, tutakutana naye tena.

Mambo mawili yalibadilisha kila kitu. La kwanza, Juni 1948, kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta disiki ndefu ya kuzunguka mara 33 na kidogo kwa dakika, ambayo kila upande ulibeba dakika zaidi ya 20. Masaa ya Ravel yakaingia mu disiki chache za kubeba kwapani. La pili ni ukanda wa sumaku, ambao Wajerumani wa kampuni za AEG na BASF walikuwa wameutengeneza tangu miaka ya 1930. Kwa ukanda unaweza kurekodi kipande kirefu bila kukata, na ukikosea unarudilia sehemu ile tu, kisha unaunganisha. Wakati wa vita ukanda huo ulikuwa siri ya upande mmoja. Baada ya vita ukaenea dunia nzima. Kwa hiyo vita yenyewe iko ndani ya hadithi yetu hata kabla hatujataja mpiga-piano.

2. Shahidi wa kwanza: Robert Casadesus

Tuanze na jambo la ajabu. Ravel mwenyewe hakuwa mpiga-piano wa nguvu. Alitunga vitu vilivyoshinda mikono yake. Mu 1908 alimaliza Gaspard de la nuit, vipande vitatu vilivyotokana na maandishi ya Aloysius Bertrand, na shabaha yake ilikuwa kutunga kitu kigumu kuliko Islamey ya Mrusi Balakirev, iliyohesabiwa wakati ule kama mlima wa mwisho. Aliyeicheza mara ya kwanza mbele ya watu, tarehe 9 Januari 1909, ni Ricardo Viñes, Mhispania, rafiki yake tangu ujana.

Lakini urafiki haukuzuia ugomvi wa kazi. Kipande cha katikati, Le Gibet, kinaonyesha mtu aliyenyongwa, jua linazama, na kengele inalia mbali, noti moja ile ile tangu mwanzo mpaka mwisho, haiongezi haraka, haipunguzi. Viñes aliona kwamba akifuata mwendo ule wa Ravel, watu watachoka. Ravel hakusahau. Mu 1922, kampuni ya Aeolian ya London ilipotaka kurekodi muziki wake kwa njia ya karatasi zenye matundu, ambazo piano ya mashine inasoma na kupiga yenyewe, alimwandikia rafiki yake Calvocoressi akieleza kwa nini hataki Viñes: Viñes hakucheza Gaspard kama mtunzi alivyotaka, na zaidi sana Le Gibet. Akamchukua kijana mwingine, Robert Casadesus, aliyezaliwa Paris 1899.

Na hapo njo kuna kichekesho. Ravel alipiga vipande vyepesi. Le Gibet na Toccata ya Le Tombeau de Couperin, vile vigumu, vilipigwa na Casadesus. Lakini karatasi zilipouzwa, ziliandikwa kwamba mpigaji ni Ravel. Watu walinunua "mkono wa Ravel" na kumbe ulikuwa mkono wa mwingine. Wasomi, tuandike hilo mahali: ushuhuda wa kwanza kabisa wa Ravel akicheza Le Gibet ni ushuhuda wa jina la uongo. Na bado si uongo kabisa, sababu Ravel mwenyewe alimchagua yule kijana.

Vita ilipofika, mu 1940, Casadesus na mke wake Gaby, naye mpiga-piano, walihamia Marekani. Walikaa Princeton, na jirani yao Albert Einstein alikuwa anakuja na violoni yake kucheza pamoja nao. Mu 1946 Casadesus alirudi Ufaransa na kuongoza chuo cha muziki cha Wamarekani pale Fontainebleau. Mu 1951, New York, kwa kampuni ileile ya Columbia iliyoleta disiki ndefu, akarekodi Ravel mzima. Gaby aliketi pembeni yake kwa vile vipande vya mikono minne.

Ukimsikiliza utaona uchezaji mkavu na safi. Hakuna moshi. Kila noti ina mipaka yake kama matofali yaliyopangwa vizuri. Ni mtu anayesema: nilikuwepo, sina haja ya kupamba.

3. Shahidi wa pili: Walter Gieseking

Gieseking alizaliwa Ufaransa, mji wa Lyon, mu 1895, lakini wazazi wake walikuwa Wajerumani. Alikua kando ya bahari ya kusini ya Ufaransa, kisha akasoma Hannover kwa mwalimu Karl Leimer. Wawili hao walitoa kitabu juu ya namna ya kujifunza, na njia yao ilishangaza watu: mbele ya kugusa piano, soma karatasi ya muziki kwa macho, tafakari, ujue kila noti kwa kichwa. Kisha vidole vitafuata. Gieseking aliweza kujifunza kipande akiwa ndani ya treni, bila piano yoyote.

Kwa hiyo yeye si shahidi kama Casadesus. Hakutumwa na Ravel. Yeye ni msomaji. Na usiseme haraka kwamba msomaji ni mdogo kuliko rafiki, juu Ravel mwenyewe alikuwa anarudilia kwamba muziki wake haupaswi kufasiriwa. Upigwe tu kama ulivyoandikwa. Kama hilo ni kweli, basi mtu anayesoma karatasi vizuri kuliko wote njo shahidi bora.

Lakini maisha yake yana doa. Wakati wa Hitler, Gieseking hakuondoka. Aliendelea kucheza Ujerumani na mu nchi zilizotawaliwa na jeshi lake, Ufaransa pia. Kuna ukanda wa karibu na mwisho wa vita, ambapo anapiga concerto ya tano ya Beethoven ku redio ya Berlin, na katika sehemu za kimya unasikia mizinga ya kutungua ndege inanguruma nje. Chombo kilikuwa kizuri sana, sauti inatoka pande mbili. Kinanda kinaimba, mji unaungua. Ni vigumu kusikia kimoja bila kingine.

Baada ya vita Wamarekani walimpiga marufuku, kisha mu 1947 wakamfungulia. Mu Januari 1949 alienda New York kucheza Carnegie Hall. Watu walisimama mlangoni kumpinga, kati yao Wayahudi na askari wa zamani. Maafisa wa uhamiaji walimchukua ili wamuulize maswali. Akaona heri aondoke, na watu waliokuwa wamenunua tiketi wakarudi nyumbani bila kusikia noti moja. Alirudi pale mu 1953 na akacheza. Wapinzani walikuwapo tena nje.

Hapo njo Walter Legge anarudi. Baada ya vita Legge alikuwa mkubwa wa kurekodi wa Columbia ya Uingereza, ambayo ilikuwa ndani ya EMI. Alikuwa na akili ya kuona mbele: disiki ndefu imefika, dunia itataka mikusanyo mizima, na Gieseking ni mtu anayeweza kujifunza kila kitu upesi. Mu miaka michache alimrekodisha muziki wa piano wa Mozart, wa Debussy, na mu Desemba 1954, London, wa Ravel.

Sauti yake ni ya mtu anayetawala rangi. Pedali inayeyusha noti moja ndani ya ingine, maji yanakuwa maji kweli. Kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyetaka kujua muziki wa Ufaransa alianza na disiki za Mjerumani huyo. Gieseking alikufa London mu Oktoba 1956, akiwa katikati ya kurekodi sonata zote za Beethoven. Ile inayoitwa Pastorale ilibaki bila sehemu yake ya mwisho. Mtu wa mikusanyo mizima aliacha mmoja nusu.

4. Shahidi wa tatu: Vlado Perlemuter

Perlemuter alizaliwa Kaunas, leo Lithuania, wakati ule chini ya Urusi, mu 1904, ndani ya familia ya Wayahudi. Alifika Ufaransa akiwa mtoto mdogo. Jicho lake la kushoto lilikuwa halioni. Akiwa na miaka 15 tu alishinda tuzo ya kwanza ya Conservatoire de Paris, darasa la mwalimu mkubwa Alfred Cortot.

Mu 1927 alifanya kitu ambacho vijana wengi tunaogopaka: alimwandikia mtunzi mwenyewe kumwomba ajifunze kwake muziki wake wote wa piano. Ravel alikubali. Kwa miezi sita hivi Perlemuter alienda Montfort-l'Amaury, nje ya Paris, kwenye ile nyumba ndogo ya Ravel, na wakapitia kipande kwa kipande. Ravel aliandika na kalamu juu ya karatasi zake: hapa usipunguze mwendo, hapa pedali, hapa sauti ya kama chombo fulani cha okestra. Mu 1929 Perlemuter akacheza yote mbele ya watu, konseri mbili, na Ravel alikuwa ndani.

Angalieni vizuri. Tumesema Ravel alitaka tu kile kilichoandikwa. Lakini kama karatasi ilitosha, miezi sita ilikuwa ya nini? Mtu yule yule aliyesema "someni tu" alikaa kando ya kijana na kumwambia mambo ambayo karatasi haisemi. Kwa hiyo kuna Ravel wa maandishi na kuna Ravel wa mdomo, na wa mdomo alikaa ndani ya vichwa vya watu wachache sana. Mtu mmoja akifa, sehemu ya muziki inaenda naye.

Na Perlemuter kidogo afe. Wakati wa vita, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, Myahudi hakuwa na mahali. Alikimbilia Uswisi, tena akiwa mgonjwa wa mapafu, na kazi yake ya jukwaani ikasimama miaka mingi. Mwalimu wake Cortot, wakati ule ule, alikuwa amepewa cheo cha mambo ya sanaa ndani ya utawala wa Vichy, uliokuwa unashirikiana na Wajerumani. Mwalimu ofisini, mwanafunzi mafichoni. Historia haina haya.

Aliporudi, alianza kutoa kile alichobeba. Mu 1950 alizungumza ku redio na mpiga-violoni Hélène Jourdan-Morhange, rafiki wa Ravel, kipande kwa kipande, na mazungumzo hayo yakawa kitabu mu 1953. Tangu 1951 alifundisha Conservatoire. Mu 1955 akarekodi Ravel mzima kwa Vox, kampuni ya Marekani iliyojulikana kwa bei ya chini. Sauti ya disiki si nzuri sana. Piano inaonekana iko mbali, wakati mwingine kama iko nyuma ya ukuta. Gieseking alipewa studio ya London na Legge. Mwanafunzi wa Ravel alipewa disiki za bei nafuu. Kama tungepima ukweli kwa usafi wa sauti, tungemkosa shahidi aliyekaa karibu.

Mu miaka ya 1970, akiwa mzee wa miaka 70 hivi, kampuni ya Nimbus ya Uingereza ilimwita arudilie kazi yote. Hiyo Nimbus ilipenda vipande virefu bila kuunganisha-unganisha ukanda. Vidole havikuwa vya kijana tena, lakini mwendo wa Le Gibet haukukimbia. Kengele ililia kama ilivyoagizwa. Perlemuter aliishi mpaka 2002.

5. Barua ya 1916

Wengine watasema: basi kazi imeisha, tumchukue Perlemuter, tumtupe Mjerumani. Ngojeni kwanza. Ravel mwenyewe aliacha neno juu ya jambo kama hilo.

Mu vita ya 14-18 alitaka kuwa askari, lakini alikuwa mfupi na mwepesi kupita kiasi, walimkatalia. Hakuchoka, na mu 1916 alikuwa dereva wa kamyo ya jeshi upande wa Verdun. Mwaka huo huo kukatokea Paris chama cha kulinda muziki wa Ufaransa, kilichotaka kuzuia watu wasicheze mbele ya watu muziki wa watunzi Wajerumani na Waaustria wa wakati ule. Watu wakubwa walitia mkono, Saint-Saëns akiwa mmoja wao. Walimwomba Ravel naye atie. Ravel, akiwa mu eneo la vita, amevaa nguo za jeshi, alikataa. Aliandika kwamba ni hatari kwa wanamuziki Wafaransa kutojua kazi za wenzao wa nje, na kwamba Schönberg kuwa Mwaustria hakumpunguzii thamani. Chama kikamjibu kwa kumtisha kwamba hata muziki wake mwenyewe unaweza kuachwa.

Na huyo si mtu ambaye vita haikumgusa. Le Tombeau de Couperin, aliyoianza 1914 na kuimaliza 1917, ina sehemu sita, na kila sehemu ina jina la rafiki aliyekufa vitani. Moja ina majina mawili, Pierre na Pascal Gaudin, ndugu wa tumbo moja waliouawa na bombu moja. Ile Toccata ya mwisho ni ya Joseph de Marliave, na aliyecheza kazi yote mara ya kwanza, mu Aprili 1919, ni mjane wake, Marguerite Long. Mtu aliyeandika hivyo ndiye aliyekataa kufungia muziki wa adui.

Lakini tusichanganye mambo. Ravel alikingia kazi za watu ambao kosa lao lilikuwa uraia tu. Gieseking hakupingwa juu ya uraia; alipingwa juu ya mahali alipokubali kucheza na kwa nani, wakati wenzake wanafukuzwa na kuuawa. Wale waliosimama mlangoni mwa Carnegie Hall hawakuwa wanachukia Beethoven. Karatasi ya kumfungulia ya 1947 inasema anaruhusiwa kufanya kazi. Haisemi kwamba hakuna mtu aliyeumia. Hayo ni mambo mawili, na sisi vijana wa leo ambao mara nyingi tunasikiaka "alisafishwa na wakubwa, mambo yaishe" tunapaswa kujua tofauti.

Maoni yangu ni haya: disiki yake ibaki, tena isikilizwe, juu inatufundisha kile macho ya msomaji mkubwa yanaweza kuona ndani ya karatasi. Lakini ibaki pamoja na historia yake. Kumtoa ni kufanya kile Ravel alichokataa kufanya. Kumsikiliza bila kutaja chochote ni kumwomba Perlemuter ajifiche mara ya pili.

6. Mzima mpaka lini?

Tumalize na hilo neno lenyewe, "mzima". Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyerekodi Ravel mzima kama sisi tunavyomjua leo. Wakati wao, kipande cha ujana chenye jina Sérénade grotesque, cha karibu 1893, kilikuwa bado ndani ya makaratasi. Kilisikika mbele ya watu mara ya kwanza mu 1975, Ravel akiwa na miaka 37 kaburini. Aliyekileta ni mtafiti Mmarekani Arbie Orenstein. Kuna pia menuet moja ndogo ya 1904 isiyofika vizuri hata dakika moja, ambayo leo wapiga-piano wanaiingiza. Na kuna ugomvi ambao hauishi: La Valse, kazi ya okestra ambayo Ravel mwenyewe aliigeuza kwa piano ya mtu mmoja, iingie ao isiingie? Mwingine anasema ndiyo, juu mkono ni wa Ravel. Mwingine anakataa, juu haikuzaliwa kwa piano.

Kwa hiyo kila "intégrale" ina tarehe yake, kama mémoire ya universite: ni kamili mpaka siku ulipoiweka mezani, na kesho mtu anafungua sanduku kwa bibi yake, anakuta karatasi moja.

Kama una intaneti ya kutosha, fanya jambo moja dogo. Tafuta Le Gibet tu, mara tatu: Casadesus, Gieseking, Perlemuter. Usisikilize mara moja kama muziki wa nyuma ukiwa unapika. Kaa. Fuata kengele peke yake. Utasikia mtu aliyechaguliwa na mtunzi, mtu aliyesoma karatasi, na mtu aliyekaa kando ya mtunzi miezi sita na kisha akakimbia na kile alichosikia ndani ya kichwa. Hakuna mmoja anayetosha. Casadesus anatupa ruhusa, Gieseking anatupa macho, Perlemuter anatupa sauti ya mdomo ambayo hakuna karatasi iliyoibeba.

Kwa Kiswahili chetu neno "mzima" lina maana mbili: kitu kisichopungua, na mtu aliye hai. Ya kwanza kampuni za disiki zimejaribu kuuza tangu 1951, na bado wanaongeza vipande. Ya pili ilipatikana pale tu mtu alipobeba kazi ya mwingine na kukataa kuiacha njiani.

Sasa jiulize: ku familia yako, ku kanisa lako, ku kwartiye yako, ni nani leo anayejua wimbo ambao hakuna karatasi inayo? Ana miaka mingapi? Na wewe uliyesoma, umeshaenda kuketi kando yake?